Kuipima Dunia Ukiwa Kitui: Mwongozo kwa Mgeni Asiyejihadhari

Karibu Ukambani. Umeshuka kwenye matatu mjini Kitui, au labda Wote, ukiwa na begi la vifaa, kompyuta, na imani thabiti kwamba kabla ya Ijumaa utakuwa umeshajua dunia ina joto kiasi gani na hurudisha angani mwanga kiasi gani. Hakuna atakayekuzuia. Hesabu yenyewe ni fupi. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaimaliza kwenye jalada la daftari.

Jua hutuletea wati 1361 kwa kila mita ya mraba inayolikabili moja kwa moja huko juu ya angahewa. Gawanya kwa nne, maana dunia ni tufe na nusu yake iko usiku: unabaki na 340. Toa asilimia 30 ambayo mawingu, theluji, mchanga na bahari huirudisha angani bila kuitumia. Zinabaki wati 238. Tia kwenye kanuni ya Stefan na Boltzmann, utapata kelvini 255, yaani digrii 18 chini ya sifuri. Usishtuke ukichungulia nje na kuona watu wanaanika ndengu juani. Hilo ni joto la dunia kwa anayeitazama kutoka mbali. Huku chini, mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi hunasa joto linapojaribu kutoka, na wastani wa uso wa dunia unafika karibu digrii 15.

Hapo ndipo mgeni wa kawaida hufunga daftari na kuagiza muthokoi. Agiza na wewe, ule kwanza. Ukishiba, rudi kwenye ile 30.

Ni 30 kweli? Vipimo vya miaka ya karibuni vinaelekea 29, na vitabu vya zamani vilikuwa na vyao. Badilisha tarakimu hiyo moja tu, uweke 29 badala ya 30, na joto la dunia kwenye jalada lako linapanda kwa karibu digrii nzima. Asilimia moja ya mwanga wa jua ni wati 3.4 kwa kila mita ya mraba. Kaboni dayoksaidi ikiongezeka maradufu hewani, wati inazoongeza ni karibu 4. Na jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, liliandika mwaka 2021 kwamba muongo wa 2011 hadi 2020 ulizidi miaka ya 1850 hadi 1900 kwa digrii 1.09, huku ukweli ukiwa mahali fulani kati ya 0.95 na 1.20. Kwa hiyo kosa la tarakimu ya pili kwenye uakisi linaweza kumeza karibu joto lote lililoongezeka tangu kabla reli haijafika Makindu.

Wageni hugawanyika hapa. Kuna Bwana Namba-Moja, anayeandika 0.30 kwa kalamu ya wino, anapiga mstari chini yake mara mbili, na hataki kusikia habari ya shaka yoyote. Na kuna Bwana Hawajui-Kitu, anayeruka kutoka kitini akipiga kelele kwamba wanasayansi wenyewe wamekiri hawajui joto la dunia, basi tukate miti tuchome makaa. Mwongozo huu ni wa wote wawili. Nashauri wapande bodaboda moja. Shimo wanaloliendea ni lile lile.

Kuchagua mahali pa kupimia

Uakisi, ambao wataalamu huuita albedo, hupimwa kwa piranomita mbili zilizofungwa mgongo kwa mgongo juu ya mlingoti. Moja inatazama juu na kuhesabu mwanga unaokuja, nyingine inatazama chini na kuhesabu unaorudi. Gawanya wa pili kwa wa kwanza, basi.

Hatua muhimu ni kuchagua mahali panapotoa jibu ulilokuja nalo kutoka Nairobi. Ukitaka dunia ing'ae, simika mlingoti katikati ya Mto Tiva wakati wa kiangazi, mchanga mkavu ukiwa umelala kutoka ukingo hadi ukingo. Utapata kama asilimia 35. Ukitaka dunia iwe nyeusi, nenda Kibwezi kwenye mawe ya volkano yaliyomwagika kutoka Chyulu, ambako asilimia 10 ni nyingi. Mabati mapya ya duka lolote Mutomo yatakupa namba ya kujivunia. Mabati ya mwaka arubaini na saba, yenye kutu, yatakupa nyingine, na wewe utaandika tu "mabati".

Usisahau kwamba piranomita ya chini haioni shamba. Ikiwa mita 2 kutoka ardhini, sehemu tisa kwa kumi za mwanga inaoupokea zinatoka ndani ya duara la mita 6 kuzunguka mlingoti. Ndani ya duara hilo kuna kivuli cha mlingoti wenyewe, viatu vyako, na mbuzi wa jirani aliyekuja kuona kuna nini. Setilaiti kwa upande wake haioni mbuzi wala viatu. Kipande kimoja cha picha ya uakisi kutoka kifaa cha MODIS kina upana wa mita 500 kila upande, zaidi ya ekari 60. Ukilinganisha duara lako na ekari hizo sitini, ambamo kuna shamba la mtama, korongo, miti mitatu ya mkau, shule na barabara ya murram, halafu namba zikapishana, usikimbilie kusema setilaiti imekosea. Wala usiseme wewe umekosea. Mmepima vitu viwili tofauti, mkavipa jina moja.

Saa nayo ina neno lake. Asubuhi na jioni, jua likiwa chini, ardhi hurudisha sehemu kubwa zaidi ya mwanga na piranomita yenyewe huanza kubabaika kwa miale inayokuja kwa ubavu. Basi pima adhuhuri, hasa katikati ya Machi au mwishoni mwa Septemba, jua linaposimama utosini mwa Kitui na kivuli chako kinakuwa chini ya kandambili zako. Ila mwisho wa Septemba udongo ni mkavu kama unga, na mvua ya kwanza ya Oktoba ikigonga, udongo ule ule mwekundu hupoteza karibu nusu ya uakisi wake kwa alasiri moja. Kipi ndicho uakisi wa Kitui? Bwana Namba-Moja atachukua cha Septemba, kwa sababu mnamo Oktoba barabara hazipitiki.

Kuna mtego mwingine hapa, wenye jina kubwa. Mwaka 1975 Jule Charney wa chuo cha MIT alitoa nadharia iliyosifika sana: mifugo ikimaliza majani, ardhi tupu hung'aa, hurudisha mwanga mwingi angani, hewa juu yake hupoa na kushuka, na mvua hukosekana. Alikuwa akiiwazia Sahel, na katika hesabu zake aliupandisha uakisi kutoka asilimia 14 hadi 35. Mgeni akiisoma nadharia hii ndani ya basi hushuka akiamini kwamba penye kung'aa ndipo penye baridi. Avue viatu basi, atembee kwenye uwanja uliofagiliwa wa Ikutha saa nane mchana, kisha aingie chini ya mkau. Ardhi tupu hurudisha mwanga zaidi na bado inachoma, kwa sababu haina jani la kutoa mvuke na kutumia lile joto lililobaki. Wenzake Charney walimpinga kwa hoja hiyo hiyo mapema tu, na mjadala ukawa mrefu. Ukijua uakisi peke yake, hujajua joto. Hili watu wengi wazima wenye shahada hulisahau.

Na ukitaka kujua uakisi wa zamani, tahadhari mara mbili. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa kikoloni wa kuhifadhi udongo, aliielezea Machakos, ambayo wakati huo Makueni ilikuwa sehemu yake, kama nchi inayogeuka jangwa la mawe na mchanga. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kikisema kwamba watu wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na bado vilima vina matuta na miti zaidi kuliko zamani. Walitumia hata picha za 1937, wakazilinganisha na za miaka yao. Picha hizo ni ushahidi mzuri wa makorongo na matuta. Lakini nimewahi kusikia mtu akizitazama na kusema "ona ardhi ilivyokuwa nyeupe". Ndugu yangu, ni picha za nyeusi na nyeupe. Weupe ule ni wa karatasi, dawa ya kusafishia, na jua la siku hiyo.

Joto la nani?

Makindu kuna kituo cha Idara ya Hali ya Hewa. Kabla ya kukitafuta, pitia hekalu la Masingasinga, lililojengwa 1926 kando ya reli, ule chakula cha bure kama wasafiri wote wa barabara ya Mombasa. Nalitaja kwa sababu ya tumbo lako, sayansi haihusiki.

Joto rasmi la hewa hupimwa ndani ya kisanduku cha mbao chenye mianya, kilichopakwa rangi nyeupe na kuinuliwa juu ya nyasi. Aliyekibuni ni Thomas Stevenson, mhandisi wa Uskoti, baba wa yule mwandishi wa hadithi za maharamia. Angalia rangi yake vizuri. Kisanduku ni cheupe ili kirudishe mwanga wa jua, na kipimajoto kilicho ndani kisome hewa badala ya kusoma mbao. Rangi ikichakaa, vumbi jekundu likishika, kisanduku kinaanza kunywa mwanga, na joto kwenye daftari linapanda hali hewa ni ile ile. Kwa hiyo hata ukikimbia matatizo ya uakisi ili upime joto tu, uakisi unakufuata hadi kwenye kopo la rangi. Ukihamisha kisanduku mita mia, ukajenga choo karibu nacho, ukabadilisha kipimajoto cha zebaki ukaweka kihisi cha umeme, au ukasogeza saa ya kusoma, kila kimoja kinaacha ngazi ndogo ndani ya takwimu. Anayezifahamu ngazi hizo huzitafuta na kuzirekebisha. Asiyezifahamu huziita mabadiliko ya tabianchi, au huyaita masahihisho yale njama, kutegemea amepanda nyuma au mbele ya bodaboda.

Wageni wa siku hizi huja na kipimajoto cha bastola, kile tulichoelekezewa kwenye paji la uso mwaka 2020. Cha hospitali hakitakufaa, kimetengenezwa kwa joto la mwili wa binadamu tu na ukikielekeza kwenye udongo wa Mutha kitakata tamaa. Cha mafundi kinafaa, mradi usikielekeze kwenye mabati mapya. Mabati yanayong'aa hutoa mionzi michache ya joto lake yenyewe na hurudisha ile ya anga, ambayo ni baridi. Bastola itasema paa limepoa. Usiliguse ili kuhakikisha.

Ukielekeza kwenye udongo mkavu, utapata digrii 50 na zaidi, na jioni utaandika kwamba Kitui ilifika digrii 50. Hiyo ni ngozi ya ardhi. Hewa ndani ya kisanduku siku hiyo huenda ilikuwa 33. Setilaiti nyingi nazo hupima ngozi ya ardhi, tena pale tu ambapo hakuna wingu. Na namba ya simu yako, ile yenye kijua cha njano, kwa kawaida haitoki kwenye kipimajoto chochote cha karibu. Ni makisio ya kompyuta kwa mraba mkubwa wa ardhi, ambao unaweza kuwa umejumuisha vilima vya Mbooni na mabonde yaliyo chini yake. Panda kilomita moja na hewa hupoa kama digrii 6. Mraba mmoja, joto moja, watu wa juu wanavaa sweta na wa chini wanajipepea.

Kwa sababu hizi zote, joto halisi la wastani wa dunia halijulikani kwa usahihi ambao mgeni angependa. Kwa miaka ya 1961 hadi 1990 lilikadiriwa kuwa digrii 14, na nusu digrii huku au huku. Bwana Hawajui-Kitu amesimama tena. Keti kwanza, mzee.

Swali la wastani wa joto ni gumu, la mabadiliko ni jepesi zaidi. Mwaka 1987 James Hansen na Sergej Lebedeff walionyesha kwamba vituo vilivyo mbali hata kwa kilomita 1200 hupanda na kushuka kwa pamoja, ingawa kimoja kiko kwenye baridi na kingine kwenye joto. Chora duara hilo kutoka Makindu na ndani yake utapata Kampala, Dar es Salaam na Mogadishu. Hakuna mtu atakayekwambia miji hiyo ina joto sawa. Lakini mwezi ukizidi kawaida yake Makindu, mara nyingi majirani nao wamezidi kawaida zao. Ndiyo maana wanaohesabu joto la dunia hawajumlishi digrii za Mbooni na za Mombasa. Hujumlisha tofauti ya kila mahali na kawaida yake penyewe. Makosa ya kudumu ya kila kituo yanakatwa humo.

Gorogoro iliyoko angani

Nenda sokoni ununue ndengu. Zinapimwa kwa gorogoro, na kama gorogoro ya muuzaji imebonyezwa kitako, utapata pungufu leo, na kesho, na wiki ijayo. Hutajua kilo halisi unazobeba. Lakini bei ikipanda kwa gorogoro ile ile, umejua kweli kwamba ndengu zimepanda. Hatari ni muuzaji akibadilisha gorogoro usiku bila kukuambia.

Vifaa vya CERES, vinavyopima mwanga na joto linalotoka duniani, vilianza kuruka 1997, vikafuata kwenye setilaiti za Terra mwaka 1999 na Aqua mwaka 2002. Kwenye mwanga unaorudishwa, kosa lake ni karibu asilimia moja, yaani wati moja hivi. Ukichukua hesabu zake ghafi, jua linaloingia ukitoa vyote vinavyotoka, dunia inaonekana kubaki na zaidi ya wati 4 kwa kila mita ya mraba. Bahari inakataa. Maboya ya Argo, maelfu yake, yanayozama hadi mita 2000 na kuibuka na vipimo vya joto la maji, yanasema kilichobaki kati ya 2005 na 2015 ni wati 0.71 tu, kosa 0.10 juu au chini. Joto lisilo baharini halina mahali pengine pakubwa pa kujificha. Basi wataalamu husogeza hesabu za CERES, ndani ya kosa lake linalojulikana, mpaka zikubaliane na bahari.

Bwana Namba-Moja hataki kusikia hilo, na mwenzake analiita kupika hesabu. Wote wanaruka jambo moja: kitako cha gorogoro hii hakibonyei upya kila mwaka. Kifaa kinabaki imara kuliko kilivyo sahihi, na kwa sababu hiyo kinaona mwendo vizuri. Mwaka 2021 Norman Loeb na wenzake waliandika kwamba joto linalobaki duniani lilikaribia kuongezeka maradufu kati ya 2005 na 2019, na bahari, kwa njia yake yenyewe, ikasema vivyo hivyo. Mwaka huo huo, kikundi cha uangalizi wa jua cha Big Bear, California, kilichotumia karibu miaka ishirini kupima mwanga hafifu ambao dunia huutupa kwenye sehemu ya giza ya mwezi mchanga, kiliripoti kwamba uakisi wa dunia umeshuka kwa kiasi cha nusu wati. Mwanga huo unaonekana kwa macho kutoka Nzambani, jioni mbili tatu baada ya mwezi kuandama, na hauhitaji kibali cha utafiti.

Namba zikishuka ofisini

Usidhani haya ni ya wenye setilaiti tu. Kila mwezi Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya Kitui na ya Makueni, na moja ya nguzo zake ni kipimo cha hali ya mimea, VCI. Hicho ni uakisi mtupu: mwanga mwekundu ambao jani huunywa, na ule wa infraredi ambao jani huurudisha, ukilinganishwa na miaka iliyopita mahali pale pale. Wastani wa miezi mitatu ukiwa kati ya 35 na 50, hali ni ya kawaida. Chini ya 35 ni ukame wa wastani, chini ya 20 mkali, chini ya 10 wa kupindukia. Kaunti ikisoma 34.6, mgeni huandika "ukame", ikisoma 35.3, huandika "kawaida". Mbuzi hawajaona tofauti.

Shida kubwa zaidi ni kwamba setilaiti huona kijani, haioni chakula. Vichaka vya Kitui Kusini vinaweza kuchipua kwa mvua mbili tatu na kung'aa vizuri kwenye picha, wakati mahindi yamekauka yakitoa mbelewele. Mawingu nayo hufunika picha wakati ule ule mvua inaponyesha. NDMA wanalijua hilo, ndiyo maana taarifa zao pia zina bei za sokoni, umbali wa maji, maziwa, na mzunguko wa mkono wa mtoto. Ukiipokea taarifa hiyo, zile kurasa za mama aliyeulizwa ametembea kilomita ngapi kutafuta maji usiziruke kwa sababu hazina rangi.

Mwishowe utaalikwa kwenye baraza. Utasimama, na mzee wa mbele atakuuliza dunia ina joto kiasi gani. Mjibu: karibu 15, na sibishani nawe kwa nusu digrii. Akiuliza imeongezeka kiasi gani, mwambie ilipofika 2024 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilihesabu 1.55 kwa mwaka ule, huenda ni 0.13 zaidi au pungufu, na hata ukichukua upande wa chini bado imeongezeka sana. Mtaje na uakisi, umwambie unashuka, umwambie sababu bado zinagombaniwa: mawingu ya chini, barafu, moshi wa meli uliosafishwa. Atatikisa kichwa. Kisha atakuuliza mvua ya Oktoba itaanza lini. Hiyo ni shaka ya aina nyingine kabisa. Mwelekeze kwa mkurugenzi wa hali ya hewa wa kaunti, na uage upesi kabla hajakuuliza ni tarehe ngapi hasa.